Daftari la Kaisoni

Baba alikuwa mtu wa mlango.
Si daktari, si rubani: mlango tu,
wa lile pipa la chuma lililofika Luano kwa reli
kupitia Sakania, vipande kumi na vinne.
Cha kumi na tano kilipotea njiani,
wakakichonga wenyewe kwenye karakana ya mgodi.

Ndivyo shule ya tabibu wa anga ilivyoanza:
hangari moja, ubao mmoja,
Kapteni Musoka na mafua yake ya kiangazi,
wanafunzi wanane waliovaa makoti ya kuazima,
na nyuma ya choo kichuguu kirefu kuliko paa.

“Hapa Lubumbashi,” Kapteni alifungua kila mwaka hivi,
“tayari mko mita elfu na mia mbili
juu ya bahari ambayo hamjaiona.
Msinidanganye kwamba mko chini.”

Alipenda vina. Ukutani, kwa chokaa, aliandika:

Rubani akichekea pasipo la kuchekesha,
na akili yaelea, midomo rangi yaisha,
barakoa yangojea, ni wewe wa kumvisha:
ajiona ni mzima, na ndicho kinachotisha.

Wanafunzi waliingia wawili wawili.
Baba alikaza komeo, pampu ikanyonya hewa,
na kila walipopanda mita elfu
(bila kubanduka kwenye benchi)
waliandika majina yao daftarini.
Elfu tatu: mwandiko wa shule ya masista.
Elfu tano: herufi zimeachana kama mbuzi wasio na mchungaji.
Elfu saba: mtu anacheka, anaandika jina la mama yake,
kisha mstari unateremka, unatoka nje ya karatasi,
unaendelea kwenye meza.

Mara moja tu baba aliingia.
Mwanafunzi mmoja alikuwa na matubwitubwi,
benchi likabaki na nafasi.
*Numbi Kyalwe Dezire*, alianza vizuri.
*Nubmi Kyaaal*, alimaliza,
na mkia wa ile l ukapinda kama ndoana.
Alitoka akiapa kwamba aliandika sawasawa.

Madarasa kumi na moja yalihitimu.
Mmoja wao aliwashusha majeruhi usiku, amewashikia dripu kwa meno.
Mmoja anauza viatu sokoni Kenya.
Wengine sijui, na daftari halisemi.

Halafu mishahara ikaacha kuja.
Pampu iliondoka usiku, kwa miguu ya watu.
Kaisoni ikawa ghala la unga wa bukari,
kisha banda la kuku, na kuku walitaga vizuri humo.
Kapteni aliondoka na kipande cha chokaa mfukoni.
Baba aliendelea kufunga mlango kila jioni saa kumi na moja,
kwa kuwa ndivyo karatasi yake ya kazi ilivyosema.

Juma lililopita nilipeleka fomu ya pensheni.
Karani aliweka sahihi mbili pamoja,
ya zamani na ya sasa, akatikisa kichwa:
“Huyu si yule.”

Sikubishana. Nilirudi Katuba, nikafungua sanduku,
nikaja na daftari, nikaweka kidole kwenye mstari wa elfu saba.
Nubmi Kyaaal.
Pembeni yake, fomu ya jana: mkia uleule, ndoana ileile.
“Mzee ameketi kitini nyumbani,” nikasema,
“miguu yake iko chini. Mapafu ndiyo yamepanda.
Daktari anasema vumbi, anasema miaka.
Mimi nasoma mita.”

Karani hakugonga muhuri.
Alifunua kurasa, moja, nyingine,
akifuata majina yakipanda na kuchanganyikiwa,
mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.

“Na huko juu,” akauliza mwishowe,
“walipozidiwa, nani alikuwa anawafungulia?”